Mali Bila Daftari: Je, Pasi ya Mwaka ya Ada za Barabara Humpunguzia Dereva Gharama?

Utangulizi

Wahenga walinena kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Mara nyingi methali hii huelekezwa kwa mwenye duka, lakini siku hizi inamfaa pia dereva anayesafiri katika barabara kuu zinazotozwa ada. Dereva huyo hutoa kiasi kidogo hapa na kiasi kidogo pale, na mwaka unapokwisha hajui jumla ya alichotoa. Chovya chovya, buyu la asali limekwisha.

Kulipa ili kupita si jambo geni katika historia ya Waswahili. Katika karne ya 19, misafara iliyotoka pwani kwenda bara ililipa hongo kwa watawala wa nchi ilizozipitia, na Ugogo ilisifika sana kwa jambo hilo. Malipo yalitolewa kwa nguo, shanga na waya. Leo neno hongo limebaki na maana ya rushwa, lakini wakati huo lilikuwa na maana ya malipo ya kupitia nchi ya mtu. Kiongozi wa msafara aliyeshindwa kukadiria mapema atalipa mara ngapi na kiasi gani alijitia mashakani njiani.

Makala hii inakusudia kueleza suala lililo karibu na hilo katika zama zetu: pasi ya mwaka ya ada za barabara, ambayo dereva huinunua kwa mkupuo mmoja ili asilipe kila anapofika kituoni. Swali tunalolijibu ni moja: je, pasi hiyo humwokolea dereva fedha? Tutatumia mfano wa India kwa kuwa masharti yake yako wazi na yanatuwezesha kupiga hesabu hatua kwa hatua.

Pasi si salio

Kabla ya kuendelea, yafaa tutofautishe mambo mawili ambayo aghalabu huchanganywa. La kwanza ni salio, yaani fedha ambazo dereva ameziweka katika akaunti yake ili zikatwe kidogo kidogo anapopita vituo. Fedha hizo zingali zake, asiposafiri, hazipungui. La pili ni pasi. Anayenunua pasi amenunua haki ya kupita kwa muda fulani au kwa idadi fulani ya safari. Asiposafiri, haki hiyo humalizika muda wake na fedha zimekwenda. Kwa hiyo, mwenye salio anaweka akiba, ilhali mwenye pasi anabahatisha kuhusu safari zake za baadaye. Hapa ndipo penye kiini cha mjadala wetu.

Mfano wa India

Nchini India, ada katika barabara kuu za kitaifa hulipwa kwa njia ya FASTag, kibandiko kinachowekwa kwenye kioo cha mbele cha gari na kusomwa kwa mawimbi ya redio gari linapopita kituoni. Matumizi yake yalifanywa ya lazima katika vituo vya barabara hizo mwezi Februari 2021. Mnamo Juni 2025, waziri wa barabara wa nchi hiyo, Nitin Gadkari, alitangaza pasi ya mwaka, nayo ikaanza kutumika tarehe 15 Agosti 2025. Bei yake ilipoanzishwa ilikuwa rupia 3,000, na hiyo ndiyo tutakayoitumia katika hesabu zetu.

Masharti yake makuu ni haya. Kwanza, pasi hudumu mwaka mmoja au safari 200, kutegemea kipi kitakachotangulia kufika. Pili, ni kwa magari madogo ya kibinafsi tu. Magari ya biashara hayaruhusiwi. Tatu, pasi imefungamanishwa na gari moja lililosajiliwa, haihamishwi kwa gari jingine, wala fedha zake hazirudishwi. Nne, inatumika katika barabara kuu za kitaifa pekee. Barabara zinazosimamiwa na serikali za majimbo, kama ile ya kasi ya Mumbai hadi Pune au ya Agra hadi Lucknow, hazimo. Dereva anapopita huko hukatwa ada ya kawaida.

Sharti la tano linahusu namna ya kuhesabu safari. Katika vituo vya kawaida, kila kituo kinachopitwa ni safari moja, hivyo kwenda na kurudi kupitia kituo kimoja ni safari mbili. Katika barabara za mfumo uliofungwa, ambamo gari husomwa linapoingia na linapotoka, kuingia na kutoka kwa pamoja ni safari moja. Msomaji azingatie kwamba neno safari hapa halina maana yake ya kila siku. Mtu anayekwenda kuwaona wazazi wake na kupita vituo vitatu njiani atasema amefanya safari moja. Pasi itahesabu tatu.

Hesabu ya msingi

Tangazo la pasi hii lilisisitiza kwamba kila safari itamgharimu dereva rupia 15 tu. Hesabu hiyo ni sahihi, kwa maana 3,000 ukigawanya kwa 200 unapata 15. Hata hivyo, ni sahihi kwa yule tu atakayetimiza safari zote 200. Atakayepita vituo mara 40 atakuwa amelipa rupia 75 kwa kila kituo. Atakayepita mara 10 atakuwa amelipa rupia 300. Bei ya pasi ni moja, lakini gharama ya kila safari huamuliwa na mwenye gari.

Kwa sababu hiyo, hesabu inayofaa huanzia upande wa pili. Chukua bei ya pasi, uigawanye kwa ada ya wastani unayolipa kituoni. Jibu ni idadi ya kusawazisha, yaani idadi ya kupita vituo ambapo dereva hapati faida wala hasara. Ada ikiwa rupia 50, idadi hiyo ni 60. Ikiwa rupia 75, ni 40. Ikiwa rupia 100, ni 30, na ikiwa rupia 150, ni 20. Kadiri ada ilivyo kubwa, ndivyo pasi inavyojilipa mapema.

Tuchukue mfano. Dereva mmoja huenda kijijini mara sita kwa mwaka. Njiani mna vituo vitatu, na kila kimoja hutoza rupia 90. Kwenda na kurudi ni vituo sita, na kwa mwaka mzima ni 36. Bila pasi angelipa rupia 3,240. Akiwa na pasi ataokoa rupia 240. Faida ipo, ingawa ni ndogo.

Mitego mitatu

Faida hiyo ndogo inaweza kugeuka hasara bila dereva kujua. Mtego wa kwanza ni barabara zisizohusika. Tuseme kimoja kati ya vile vituo vitatu kimo katika barabara ya jimbo. Vituo vinavyohesabika vitabaki 24 kwa mwaka, na ada yake ni rupia 2,160. Aliyenunua pasi kwa rupia 3,000 amepoteza 840, na juu ya hayo bado anaendelea kulipa kile kituo cha jimbo.

Mtego wa pili ni punguzo ambalo tayari lipo. Kanuni za ada za mwaka 2008 nchini humo zinamruhusu dereva anayerudi ndani ya saa 24 kulipa mara moja na nusu badala ya mara mbili. Iwapo dereva wetu huenda na kurudi siku hiyo hiyo, kila kituo kitamgharimu rupia 135 kwa jozi, si 180. Jozi zake ni 18 kwa mwaka. Jumla ni rupia 2,430. Kwake yeye pasi ni hasara ya rupia 570, ijapokuwa hesabu ya kwanza ilimwonyesha faida. Anayelinganisha pasi na ada kamili, ilhali yeye halipi ada kamili, anajidanganya.

Mtego wa tatu unampata hasa yule anayedhani kwamba pasi iliwekwa kwa ajili yake: mfanyakazi anayepita kituo kimoja kila siku. Akipita mara mbili kwa siku, siku 22 kwa mwezi, atafikisha mara 44. Safari 200 zitamwishia baada ya miezi minne na nusu hivi. Jina ni pasi ya mwaka, lakini kwake si ya mwaka. Kwa mwaka mzima atapita mara 528, hivyo atahitaji pasi tatu, yaani rupia 9,000. Sasa, kama mtu huyu anaishi ndani ya kilomita 20 kutoka kituoni, yupo tayari katika kundi la wakazi wanaoruhusiwa kununua pasi ya mwezi ya kituo hicho, ambayo katika mwaka wa fedha wa 2025-26 ilikuwa rupia 350. Kwa miezi 12 ni rupia 4,200, bila kikomo cha safari. Pasi ya mwaka ingemgharimu rupia 4,800 zaidi.

Lakini mfanyakazi huyo huyo akiwa anaishi mbali na kituo, hali hubadilika kabisa. Kwa ada ya rupia 90 pamoja na punguzo la kurudi, angelipa rupia 35,640 kwa mwaka. Pasi tatu za rupia 9,000 zitamwokolea zaidi ya rupia 26,000. Hivyo basi, watu wawili wanaopita kituo kimoja, kwa saa zile zile, wanaweza kupata majibu yanayokinzana kwa sababu ya mahali wanapoishi.

Nani hufaidi?

Lipo pia suala la haki ambalo hatuwezi kulinyamazia. Punguzo la pasi humfikia yule aliye na fedha za kutoa kwa pamoja. Mwenye kipato cha mkono kwenda kinywani, hata kama anasafiri sana, hulipa kituo baada ya kituo kwa bei kamili. Dereva wa teksi na mwenye lori dogo la mboga, ambao barabara ndiyo kazi yao, wamewekwa nje ya mpango wenyewe. Isitoshe, mwenye pasi ndiye anayebeba hatari yote. Gari likiuzwa, likiharibika, au kazi ikihamia mji mwingine, fedha hazirudi.

Kwa hiyo ni busara kuhesabu safari za hakika tu, wala si zile za kutamaniwa. Kumbukumbu za akaunti ya FASTag za miezi 12 iliyopita ni daftari bora kuliko matumaini. Aidha, dereva ajihadhari na kishawishi cha kusafiri zaidi ili pasi ijilipe. Kituo hakitamtoza, lakini mafuta na magurudumu hayana pasi.

Kanuni hii haifungiki India. Nchini Austria, mwaka 2025, kibali cha mwaka cha barabara za kasi kwa gari dogo kiliuzwa kwa euro 103.80, cha miezi miwili kwa 31.10 na cha siku kumi kwa 12.40. Ukigawanya, utaona kwamba cha mwaka kinamfaa anayehitaji vibali vya miezi miwili vinne au zaidi, au vya siku kumi tisa au zaidi. Huko kinachohesabiwa ni muda, si vituo; hata hivyo njia ya kufikiri ni ile ile.

Hitimisho

Suala hili linatuhusu Wakenya kuliko linavyoonekana. Tangu 2022, dereva wa Nairobi anayetumia barabara ya juu ya kilomita 27 kati ya Mlolongo na Westlands hulipa kulingana na umbali anaokwenda. Mnamo Novemba 2025 ulizinduliwa upanuzi wa barabara ya Rironi hadi Mau Summit, ambao gharama yake imepangwa kurejeshwa kupitia ada za watumiaji. Pale ada zinapoenea, pasi na mapunguzo hufuata, na matangazo yake huja kwa lugha tamu.

Anayetangaziwa pasi ya namna hii na aulize maswali matano: Inahusu barabara zipi? Inahesabu safari vipi? Mimi hulipa kiasi gani hasa kwa sasa, baada ya mapunguzo ninayostahili? Je, kuna pasi nyingine inayonifaa zaidi? Na mambo yakibadilika, fedha zangu zitakuwa wapi? Akishayajibu, agawanye bei kwa ada. Safari zake za hakika zikizidi idadi ya kusawazisha kwa kiasi cha kutosha, anunue. Zikiwa sawa au pungufu, aendelee na salio lake.

Sisi wanafunzi na walimu wa Kiswahili tuna wajibu katika jambo hili. Masharti ya mikataba ya namna hii yakieleweka kwa Kiingereza tu, wengi watalipa bila kujua wanalipia nini. Tukiyafafanua kwa lugha ambayo kondakta, mkulima na mama mboga wanaielewa, kila mmoja ataweza kujiwekea daftari lake.