Sanaa ya Taka na Darasa la Mtoto wa Juru (Sehemu ya Pili)

Katika sehemu ya kwanza tuliona jinsi makazi ya Nakivale yalivyoanza mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa kuwapokea Wanyarwanda, na jinsi leo Wakongo, Warundi, Wasomali na wengine wanavyoishi humo, wilayani Isingiro, Uganda. Leo tunageukia sanaa, ila kwanza tuufuate mto.

Rwizi unapita katikati ya Mbarara, kisha unashuka mashariki hadi kwenye maziwa ya Mburo na Nakivale, ardhi oevu iliyoingizwa mwaka 2006 katika orodha ya kimataifa ya Ramsar. Ziwa Nakivale ndilo linalotoa maji ya bomba ya makazi. Basi chupa au kaveera (mfuko wa plastiki) iliyotupwa mtaroni Mbarara ina njia ya kumkaribia mtoto wa Juru, mojawapo ya maeneo ya makazi hayo. Naye anaweza kukariri somo zima la uchafuzi wa mazingira, akalijibu vizuri kwenye mtihani, na asitambue kwamba linahusu kikombe chake.

Msanii anaweza kulifungua fumbo hilo. Bruno Ruganzu Tusingwire, mwalimu wa sanaa wa Chuo Kikuu cha Kyambogo, alitunukiwa mwaka 2012 tuzo ya TED City 2.0, dola 10,000, kwa wazo la kuwajengea watoto wa mitaa ya mabanda Kampala uwanja wa michezo uliotengenezwa kwa taka: bembea, na michezo ya ubao mikubwa ambayo mtoto anaicheza kwa mwili mzima. Sidai kwamba uwanja mmoja unapunguza taka za Kampala, haupunguzi. Faida yake iko kwa mtoto aliyeokota chupa, akaiosha, kisha akarudi kuikuta imekuwa kitu anachokipenda.

Hata ukuta wa chupa ni somo. Chupa hujazwa udongo mkavu na kushindiliwa kwa kijiti mpaka iwe ngumu kama tofali, ikafungwa kifuniko, ikalazwa kwa safu ndani ya tope na shingo zikafungwa kamba. Wakati huo mtoto anapima ujazo, anahesabu safu, na anajionea mwenyewe kwa nini udongo wenye mchanga mwingi haushikani.

Na si lazima kila kitu kitoke Kampala. Miongoni mwa Wanyarwanda iko sanaa ya imigongo, iliyozaliwa mashariki mwa nchi yao: samadi ya ng'ombe huchanganywa na majivu, ikafinyangwa kuwa matuta ya mapambo na kupakwa rangi, nyeupe na nyekundu zikitokana na udongo. Ankole, iliko Nakivale, ni nchi ya ng'ombe, malighafi haitanunuliwa. Ningependa kuona bibi anayeijua kazi hiyo akialikwa darasani kama mwalimu, kabla ya kuletwa ndoo za rangi za dukani. Mchoro unaochorwa na mgeni kwa siku mbili, ukapigwa picha na kuachwa, haumfundishi mtoto chochote isipokuwa kutazama.

Kikwazo kikubwa kimo ndani ya ratiba. Mtihani wa kumaliza shule ya msingi Uganda, PLE, unapima Kiingereza, hisabati, sayansi na maarifa ya jamii. Sanaa haimo. Mwalimu mwenye darasa lililofurika, anayepimwa kwa matokeo ya mtihani huo, ataiacha sanaa kwanza, na siwezi kumlaumu. Ndiyo maana naona kuidaia sanaa kipindi chake pekee ni kupoteza muda. Iingizwe ndani ya sayansi: wanafunzi wauchore Rwizi kuanzia Mbarara hadi ziwani, wabandike kando ya mstari huo taka halisi walizookota, waeleze kila moja imetoka wapi. Iingizwe ndani ya hisabati kupitia ukuta wa chupa.

Mwalimu wa namna hiyo anahitaji mafunzo, na pia lugha ambayo watoto wa mataifa mengi wataelewana kwayo wakiwa kazini. Kiswahili, ambacho Baraza la Mawaziri la Uganda liliidhinisha mwaka 2022 kifundishwe kwa lazima shuleni, tayari kinasikika sokoni Nakivale. Sehemu ya tatu itahusu walimu hao.