Matone ya Vitamini A Hufanya Kazi Gani Mwilini?

Juzi kliniki nilikata ncha ya kapsuli nyekundu, nikamtilia mtoto matone mdomoni. Mama yake akaniuliza, "Sista, mafuta kidogo hivyo yatamsaidia nini?" Swali zuri. Leo tulijibu.

Vitamini A iko katika jamii ya mafuta. Haileti nguvu kama ugali, wala haijengi misuli kama maharagwe. Kazi yake kubwa ni kupeleka ujumbe. Ikifika ndani ya seli, yaani zile chembe ndogo sana zinazojenga mwili, vimeng'enya huigeuza kwa hatua mbili kuwa asidi ya retinoiki. Asidi hiyo huingia katika kiini cha seli, mahali zinapokaa jeni, yaani maagizo tuliyorithi kwa wazazi. Humo kuna protini zilizoshikilia jeni zikiisubiri. Zikiipokea, baadhi ya jeni huamka na nyingine hunyamaza. Kisha vimeng'enya vingine huivunja, agizo lisipite kiasi.

Agizo moja huenda kwa utando wa macho, koo, mapafu na utumbo: kaeni laini, toeni ute. Likikosekana, seli hizo hukauka na kuwa ngumu, karibu kama ngozi ya kisigino. Jicho hukauka, na mtoto anaweza kupofuka. Vijidudu navyo hupata pa kupenya, ndiyo maana surua na kuhara humlemea zaidi mtoto aliyepungukiwa. Kwa hiyo si vitamini ya macho tu, jamani!

Ini huweka akiba, lakini akiba huisha. Mtoto wa miezi 6 hadi 11 hupewa kapsuli ya buluu, yuniti 100,000. Kuanzia mwaka mmoja hupewa nyekundu, yuniti 200,000, kila miezi 6 hadi atimize miaka 5. Wengi wakishapata chanjo ya surua ya miezi 18 hatuwaoni tena. Hapo mtoto amepata dozi tatu tu, na zimebaki sita! Hakuna sindano, mama. Fungua kitabu cha kliniki uangalie tarehe. Wiki za Malezi Bora, Mei na Novemba, matone hutolewa pia.

Na wewe uliye mjamzito, usimeze kapsuli ya mtoto hata kidogo. Katika mimba changa, asidi hiyo hiyo ndiyo huongoza jeni zinazopanga moyo, uso na ubongo wa mtoto. Ikizidi, viungo huweza kuumbika vibaya. Ini la ng'ombe nalo usile kila siku. Lakini mchicha, kunde, karoti, papai na viazi vitamu vya rangi ya chungwa kula bila hofu, kwa sababu vimeng'enya vya utumbo hugeuza kiasi kinachohitajika tu. Mboga zitie mafuta kidogo unapopika, vitamini iweze kufyonzwa.

Wiki ijayo tutazungumza juu ya maji ya chumvi na sukari kwa mtoto anayehara. Kwaherini.