Kovu Ndani ya Moyo

Mimi ni mwalimu wa hisabati mjini Tanga. Nilizaliwa na tetralojia ya Fallot, kasoro iliyopewa jina la Arthur Fallot, daktari wa Marseille aliyeieleza mwaka 1888: tundu kati ya vyumba viwili vya chini vya moyo, njia nyembamba ya damu kwenda mapafuni, mshipa mkuu uliokaa juu ya tundu hilo, na ukuta mnene upande wa kulia. Nikikimbia, midomo iligeuka buluu, nachuchumaa mpaka pumzi irudi. Nilipasuliwa India nikiwa mdogo. Tuliporudi, kila mtu alisema mtoto amepona.

Kovu la kifuani wanaliona. La ndani ndilo ninalotaka wenzangu walijue. Moyo hudundishwa na umeme mdogo unaoanzia chumba cha juu cha kulia na kushuka chini. Palipo na kovu umeme haupiti, hulazimika kuzunguka, na siku nyingine huzunguka hapohapo bila kutoka, kama daladala iliyonasa kwenye kipilefti.

Mapigo ya namna hiyo yalinianza ukubwani, nikisahihisha madaftari. Nimetulia kitini, sina homa, mapigo ni 150 kwa dakika, hayapandi wala hayashuki. Usawa huo ndio uliomshtua daktari. "Mwalimu, huu si wasiwasi," aliniambia. Kipimo cha umeme wa moyo kilionyesha vyumba vya juu vikipiga 300, pigo moja kati ya mawili ndilo likipenya chini. Damu ikizubaa huko juu huganda, na bonge likifika kwenye ubongo ni kiharusi. Nikapewa dawa ya kuzuia kuganda, nikalazwa usingizi, moyo ukashtuliwa kwa umeme. Baadaye waliingiza mrija mwembamba kupitia mshipa wa paja, wakaichoma njia ile ya mzunguko.

Vyumba vya chini vinatisha zaidi. Vali ya kwenda mapafuni ikivuja miaka mingi, chumba cha kulia hutanuka na umeme huchelewa kukipita. Muda wa umeme kuvipita vyumba vya chini ukifika milisekunde 180, madaktari huwa macho, maana mapigo ya hatari yanaweza kumwangusha mtu ghafla. Namba hiyo husomwa kwenye karatasi ya kipimo cha dakika chache, kisichouma. Ndiyo maana naumia mzazi anaponiambia mwanawe ameacha kliniki kwa sababu anacheza mpira vizuri.

Kuzimia mchezoni, au moyo kwenda mbio ghafla na kutulia ghafla, hakusubiri tarehe ya kliniki. Na ukienda, beba ripoti ya upasuaji: daktari anahitaji kujua moyo ulikatwa wapi.