Elimu ya Utumishi na Haki ya Mfanyakazi wa Kanisa

Mchungaji wa kijijini huulizwa mambo mengi yasiyohusu mahubiri. Mzazi wa Nandagala, wilayani Ruangwa katika mkoa wa Lindi, aliyemsomesha mwanawe kwa fedha za korosho na ufuta, aweza kumwendea na kusema: "Mchungaji, mtoto amechaguliwa kusomea usimamizi wa rasilimali watu. Ualimu naujua, uuguzi naujua. Hii ni kazi gani?" Makala hii yakusudia kumsaidia mchungaji kujibu swali hilo, na kuonyesha kwamba linaligusa kanisa lenyewe.

1. Jina la elimu hii

Kwa kawaida neno "rasilimali" hutaja mali: ardhi, misitu, au madini ya kinywe yaliyomo Ruangwa. Mwanatheolojia ana haki ya kusita anapoliona limeunganishwa na "watu", kwa maana mtu aliyeumbwa kwa mfano wa Mungu si kitu cha kuchimbwa. Lakini lugha yetu ina neno lililotangulia, yaani utumishi. Katika halmashauri, anayeshughulikia ajira, vyeo, likizo na nidhamu huitwa ofisa utumishi. Na kanisani neno hilohilo hutaja huduma. Kiini cha elimu hii ni swali moja: mtu anayetumika apatikaneje, afundishweje, alipweje, aongozweje, na aagweje kwa haki?

2. Fundisho la Nachingwea

Jirani na Ruangwa uko mfano wa kazi kubwa iliyoanguka. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilianzisha mpango wa kulima karanga katika Kongwa, Urambo na Nachingwea, kwa lengo la ekari zaidi ya milioni 3. Reli ilijengwa kutoka Mtwara hadi Nachingwea, nayo baadaye ikang'olewa. Mwaka 1951 mpango uliachwa, na hasara ilikuwa kiasi cha pauni milioni 36.

Sababu zilikuwa nyingi: ukame, udongo usiofaa, msitu mzito na haraka ya wakubwa. Lakini mojawapo ilihusu watumishi. Matrekta yalifika kabla ya madereva na mafundi wa kutosha kufundishwa, na mengi yakaharibika upesi. Ekari na mashine zilipigiwa hesabu mapema. Watu walipigiwa hesabu baadaye.

Maandiko yanalijua kosa hili. Katika Kutoka 18 Musa hakupungukiwa na bidii. Alipungukiwa na mgawanyo wa kazi, na Yethro mkwewe akamwonya kwamba yeye na watu watachoka. Katika Matendo 6 manung'uniko juu ya wajane hayakutulizwa kwa mahubiri peke yake. Walichaguliwa watu saba wenye sifa zilizotajwa wazi, wakakabidhiwa kazi iliyojulikana.

3. Yanayofundishwa chuoni

Shahada hii kwa kawaida huchukua miaka mitatu. Hutolewa, kwa mfano, katika Chuo Kikuu Mzumbe, kilichoanza mwaka 1953 kama shule ya serikali za mitaa, kikawa Chuo cha Uongozi wa Maendeleo mwaka 1972 na chuo kikuu mwaka 2001. Aidha, Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992, humwezesha mtu aliye kazini kusoma bila kuhama kwake.

Mwanafunzi hujifunza kukadiria mahitaji ya watumishi, kuchagua bila upendeleo, kupima utendaji, kupanga mishahara, kutunza majalada na kusuluhisha migogoro. Husoma pia Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004. Sheria hiyo yaweka saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa juma, likizo ya mwaka ya siku 28 na likizo ya uzazi ya siku 84. Yadai vilevile kwamba anayeachishwa kazi aachishwe kwa sababu ya haki na kwa utaratibu wa haki.

Shahada si ahadi ya ajira, na mzazi aambiwe hivyo. Hata hivyo elimu hii yahitajika katika halmashauri, hospitali, migodi na vyama vya ushirika vinavyoajiri makarani na walinzi wa maghala.

4. Deni letu

Yahitajika pia kwetu, maana kanisa nalo ni mwajiri. Tuchukue mfano wa mlinzi wa usharika aliyeajiriwa kwa maneno ya mdomo. Ametumika miaka kumi na mmoja, kisha anaugua. Mkataba haupo, michango yake ya hifadhi ya jamii haikupelekwa. Baraza la wazee linamchangia, linamwombea na kumsindikiza kwa wimbo. Hakuna aliyekusudia kumdhulumu. Lakini alichopewa kama sadaka kilikuwa sehemu ndogo ya alichostahili kama haki, naye anashukuru kwa kuwa hajui tofauti.

Mara nyingi twajitetea kwa neno "wito". Ni kweli kwamba Luther alifundisha kuwa kila kazi halali ni mahali pa kumtumikia Mungu na jirani. Lakini fundisho hilo humfunga mwajiri pia, kwa maana mfanyakazi wake ndiye jirani wa kwanza. Wito haufuti ujira, na Yakobo 5:4 yatosha kututia hofu.

Basi mchungaji amjibu mzazi hivi: mwanao anakwenda kujifunza kumtendea haki mtu anayefanya kazi. Na kijana huyo akifika mwaka wa tatu na kurudi likizo, baraza la wazee limkabidhi jalada la watumishi wa usharika alisome. Likiwa tupu, hapo ndipo kazi ianzie.