Nyoka wachimbaji wenye sumu
Nyoka wachimbaji wenye sumu ni nyoka wa jenasi Atractaspis katika familia Atractaspididae. Huishi zaidi chini ya ardhi, barani Afrika na Mashariki ya Kati. Tanzania wamo Atractaspis bibronii na Atractaspis irregularis.

Maelezo
Ni wembamba, weusi au kahawia, wenye kichwa kidogo, macho madogo sana na mkia mfupi wenye ncha. Hutoka nje usiku, hasa baada ya mvua, na hudhaniwa kuwa hawana sumu. Chonge zao ndefu huweza kutokeza kando hata mdomo ukiwa umefumbwa. Kwa hiyo hakuna namna salama ya kuwashika, hata nyuma ya kichwa.

Kuumwa na tiba
Sumu yao huleta maumivu makali, uvimbe, malengelenge na pengine kufa kwa nyama, hata kidole kikapotea. Spishi kadhaa zina sarafotoksini, ambazo hubana mishipa ya damu ya moyo. Dawa ya kuzuia sumu ya kifutu na swila haifai hapa. Mgonjwa hutulizwa maumivu, hukingwa na pepopunda, hutibiwa kidonda na moyo wake huangaliwa.

Aliyeumwa avuliwe pete na bangili, kiungo kisitikiswe, naye afikishwe hospitali haraka, kwa sababu nyoka huweza kutambuliwa vibaya. Kuchanja, kunyonya jeraha au kufunga kamba huongeza madhara. Kutoka Buzuruga jijini Mwanza, hospitali ya rufaa ya kanda ni Bugando.