Waliopita Mkononi mwa Sitta

Samuel Sitta alifariki dunia tarehe 7 Novemba 2016 mjini Munich, Ujerumani, alikokuwa akitibiwa. Mwili wake ulirejeshwa nchini, wabunge wakamuaga Dodoma, na safari ikaishia Urambo, mkoani Tabora, alikozaliwa mwaka 1942. Watanzania walimzoea kwa jina la Spika wa kasi na viwango. Kinachotajwa mara chache ni orodha ya watu waliojifunza kazi wakiwa naye.

Alipochaguliwa kuwa Spika wa Bunge Desemba 2005 hakuwa mgeni wa siasa. Mwanasheria huyo wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliingia bungeni mara ya kwanza mwaka 1975, akashika wizara, kisha akaongoza Kituo cha Uwekezaji. Ukongwe wa namna hiyo humfanya mtu ama ang'ang'anie kila kitu, ama awaachie wengine nafasi. Yeye aliachia nafasi, ingawa si kila siku.

Kanuni za Bunge za mwaka 2007 ndizo zinazomweleza vizuri. Kila Alhamisi Waziri Mkuu alitakiwa kusimama kwa nusu saa na kujibu maswali ya papo kwa papo, bila kuonyeshwa kwanza ataulizwa nini. Kamati tatu zinazochunguza fedha za umma nazo zikawa na wenyeviti wa upinzani: John Cheyo kwa hesabu za Serikali, Dk. Willibrod Slaa kwa serikali za mitaa, na Zitto Kabwe kwa mashirika ya umma. Zitto huyo ndiye aliyesimamishwa kuhudhuria Bunge Agosti 2007 katika sakata la mkataba wa mgodi wa Buzwagi, Sitta akiwa Spika. Anayetaka kumkosoa Sitta ana pa kuanzia. Hata hivyo kijana huyohuyo akaja kukabidhiwa mafaili ya mashirika ya umma. Kisha Februari 2008 ripoti ya kamati teule ya Dk. Harrison Mwakyembe kuhusu mkataba wa umeme wa kampuni ya Richmond ikasomwa hadharani, na Waziri Mkuu Edward Lowassa akajiuzulu.

Kiti cha Spika hakifundishwi darasani. Mbunge anasimama ghafla, "Mheshimiwa Spika, mwongozo!", mwingine anadakia "Kuhusu utaratibu!", huku upande mmoja ukigonga meza na mwingine ukizomea. Aliyekalia kiti anapaswa kuamua palepale, na uamuzi wake unaingia kwenye kumbukumbu za Bunge. Katika miaka ile mitano waliopokezana kiti hicho na Sitta ni Naibu Spika Anne Makinda na wenyeviti wa Bunge, akiwemo Job Ndugai. Makinda akawa Spika mwaka 2010, mwanamke wa kwanza nchini kushika wadhifa huo. Ndugai akamfuata mwaka 2015. (Ndugai alikuwa mbunge wa Kongwa, na Kongwa na Urambo ni miongoni mwa sehemu ambako Waingereza walizika mamilioni yao katika mradi wa karanga ulioanza mwaka 1947. Karanga zilikataa, maspika wakaota.)

Kupanda kwa Makinda kulikuwa na uchungu wake. Agosti 2009 Sitta alibanwa vikali kwenye Halmashauri Kuu ya chama chake tawala, CCM, kwa jinsi alivyoendesha Bunge, na mwaka uliofuata chama kikaamua kwamba safari hii wagombea uspika wawe wanawake tu. Spika aliyekuwa kitini akawekwa kando kwa sharti hilo, na nafasi ikaenda kwa naibu wake. Sitta hakususa, alipewa Wizara ya Ushirikiano wa Afrika Mashariki, akaenda kufanya kazi.

Mwaka 2014 alirudi kwenye kiti kikubwa zaidi, uenyekiti wa Bunge Maalum la Katiba lenye wajumbe zaidi ya 600. Makamu wake alikuwa Samia Suluhu Hassan. Kazi hiyo ndiyo inayogawanya watu mpaka leo wanapomtaja: wajumbe wa UKAWA, umoja wa vyama vya upinzani, walitoka Aprili, naye akaendelea na waliobaki mpaka Katiba Inayopendekezwa ikapitishwa Oktoba 2. Kura ya maoni iliyopangwa kufanyika tarehe 30 Aprili 2015 iliahirishwa, Sitta akafariki bila kuiona, na tangu Machi 2021 madai ya Katiba mpya yanaelekezwa Ikulu kwa Rais Samia, yule aliyekuwa makamu wake.