Usafi wa maji mijini huanzia shambani Uluguru

Na Mwandishi Wetu, Morogoro

SEHEMU kubwa ya maji yanayotumika jijini Dar es Salaam hutoka Mto Ruvu, ambao chimbuko lake ni milima ya Uluguru mkoani Morogoro, umbali wa karibu kilometa 200 kutoka jijini humo.

Mipango ya kutunza mazingira ya miji huzungumzia zaidi taka, usafiri wa umma na miti ya kandokando ya barabara. Kwa miji inayotegemea milima hiyo, mipango ya namna hiyo haiwezi kukamilika bila kumfikia mkulima wa miteremkoni.

Uluguru, yenye kilele cha Kimhandu kinachozidi mita 2,600, ni miongoni mwa milima ya Tao la Mashariki. Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hupanda miteremko yake, hupoa na kuleta mvua. Msitu hupunguza nguvu ya matone, na udongo wenye mboji huyanyonya maji na kuyaachia kidogo kidogo wakati wa kiangazi.

Mteremko unapolimwa bila kinga, mvua hutiririka mara moja pamoja na udongo. Mto hufurika kwa muda mfupi, kisha hupungua. Maji yenye tope huhitaji dawa nyingi zaidi kuyasafisha, nayo mabwawa hujaa mchanga. Athari hizo hutishia pia mji wa Morogoro, ambao hutegemea Bwawa la Mindu lililojengwa kwenye Mto Ngerengere miaka ya 1980.

Mwaka 2008 Serikali ilitangaza Hifadhi ya Mazingira Asilia ya Uluguru, yenye zaidi ya hekta 24,000. Hata hivyo, mashamba mengi yako nje ya mipaka ya hifadhi hiyo, hivyo ulinzi wa msitu pekee hautoshi.

Historia inaonyesha kuwa amri nayo haitoshi. Katika miaka ya 1950 utawala wa Kiingereza uliwalazimisha Waluguru kuchimba matuta ya ngazi. Kazi ilikuwa ngumu, na mara nyingi ilifukua udongo usio na rutuba. Mwaka 1955 vurugu zilizuka Matombo, na mpango huo ukaachwa.

Njia tofauti ilijaribiwa kuanzia mwaka 2006, pale mashirika ya CARE na WWF yalipoanzisha mradi wa malipo kwa huduma za vyanzo vya maji katika eneo la Kibungo. Wakulima walilipwa kwa kupanda miti, kuchimba matuta na kutumia kilimo mseto. Miongoni mwa wanunuzi wa huduma hiyo walikuwa Dawasco, iliyosambaza maji Dar es Salaam wakati huo, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza.

Utaratibu kama huo ulikuwa umeshatumika Marekani. Mwaka 1997 jiji la New York lilikubaliana na jamii za milima ya Catskill kugharimia utunzaji wa vyanzo vyake, badala ya kujenga mtambo mkubwa wa kuchuja maji.

Uluguru ina ugumu wake. Kwa mila za Waluguru, ardhi humilikiwa na ukoo kwa upande wa mama, na wengi hulima mashamba ya kuazima. Kupanda mti wa kudumu huweza kuonekana kuwa ni kudai umiliki, kwa hiyo mkulima wa aina hiyo hubaki nje ya malipo yanayotegemea miti. Makubaliano na koo yanapaswa kutangulia ugawaji wa miche.

Aidha, fedha za wafadhili huwa na mwisho, ilhali mteremko huhitaji kutunzwa kila msimu. Chanzo cha kudumu kinaweza kuwa sehemu ndogo ya ankara za maji, inayorudi vijijini kwa uwazi.

Mwishoni mwa mwaka 2022 Dar es Salaam iliingia katika mgawo wa maji baada ya Ruvu kupungua. Mwaka 2023 ujenzi wa Bwawa la Kidunda ulianza kwenye mto huo, kwa lengo la kuhifadhi takriban lita bilioni 190. Bwawa hilo litapunguza makali ya kiangazi, lakini halitazuia udongo kuporomoka. Iwapo miteremko itaachwa wazi, udongo huo ndio utakaopunguza kina chake mwaka hadi mwaka.